Watunga Kamusi na Maneno ya Kukwama

Katika mto Mississippi wa karne ya 19, mti uliozama ulimtia nahodha wa meli ya mvuke hofu kubwa. Kingo zilimomonyoka, miti ikaanguka majini pamoja na mizizi yake, mizizi ikajikita kwenye tope, na shina likabaki limechomoza ncha chini kidogo ya uso wa maji. Meli iliyolivamia ilitoboka tumbo na kuzama. Gogo la namna hiyo liliitwa snag. Mwaka 1829 Henry Shreve alishusha majini Heliopolis, meli yenye matumbo mawili yaliyounganishwa kwa boriti nene. Iliuendea mti kwa kasi, ikaugonga na kuung'oa, kisha mabaharia wakaukatakata papo hapo.

Leo karani wa London akiandika kwamba mkataba umepata snag, huenda hajawahi kuuona mto huo. Hata hivyo maana ya mtoni ingali ndani ya neno. Snag ni kizuizi ambacho hakikuonekana mapema, kinachonasa jambo lililokuwa likienda vizuri. Anayetuwezesha kulijua hilo ni mtunga kamusi, fundi ambaye watu hufungua kitabu chake kila siku bila kumkumbuka.

Maneno ya Kiingereza ya kukwama yana utajiri wa ajabu, na mengi yametoka kazini au michezoni. Wakata miti wa Amerika ya Kaskazini waliteremsha magogo kwa mito, na magogo yalipobanana yakaziba mto mzima, waliita hali hiyo logjam. Fundi mzoefu alitafuta gogo moja lililoshikilia mengine, akalitoa, kisha akakimbia kuokoa maisha yake. Katika gofu, mpira wa mwenzako ulipolala kati ya mpira wako na shimo, ulikuwa umepatwa na stymie. Sheria iliyoruhusu hali hiyo ilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, lakini neno limebaki kwa yeyote aliyezibiwa njia na mwingine. Gridlock lilienea New York mwaka 1980, wakati mgomo wa wafanyakazi wa usafiri ulipowafanya wakuu wa barabara wahofie kwamba magari yangefungana kwenye makutano yote kwa pamoja. Mswahili hashangai. Mambo yakimwendea mrama, anatumia lugha ya chombo kinachoyumba. Na aliyepwelewa ni ndugu wa jahazi lililoachwa mchangani maji yalipokupwa.

Kujua neno lilikotoka kunasaidia kulitumia kwa haki. Delay ni suala la saa tu: treni ikichelewa dakika 20, abiria wamepoteza dakika 20, basi. Setback inakurudisha nyuma ya pale ulipokuwa umeshafika, kama mgonjwa aliyekuwa ameanza kutembea, homa ikamrudisha kitandani. Taarifa nyingi rasmi huandika delay mahali panapostahili setback, kwa kuwa la kwanza ni laini na halimtaji aliyeharibu. Kamusi nzuri humpa msomaji silaha ya kuigundua hila hiyo. Wanaorusha roketi Marekani, kwa upande wao, wana neno hold kwa saa ya kuhesabu inaposimamishwa, na vituo kadhaa vya aina hiyo hupangwa kwenye ratiba tangu mwanzo. Hapo kusimama ni sehemu ya kazi, na hakuna aliyekosea.

Ufundi wenyewe ni wa subira. Mwaka 1879 James Murray alikubaliana na Oxford University Press kutengeneza kamusi kubwa ya Kiingereza kwa miaka 10. Alijenga kibanda cha mabati huko Mill Hill, akakijaza rafu za vishubaka vidogo vidogo, na watu wa kujitolea wakamtumia vikaratasi kutoka kila upande. Kila kikaratasi kilikuwa na neno moja, sentensi iliyolibeba, jina la kitabu na mwaka. Vikaratasi vya maneno yanayoanza na Pa vilipatikana kwenye zizi la farasi huko Ireland, na vingi vilikuwa vimeshatumika kuwashia moto. Kazi ya kuvikusanya ikaanza upya. Sehemu ya kwanza ilitoka mwaka 1884, na ilikuwa imefika kwenye neno ant. Murray alifariki mwaka 1915. Kamusi ilikamilika mwaka 1928.

Kwa nini usumbufu wote huo? Kwa sababu mtunga kamusi hakubali hadithi ya neno mpaka aone maandishi yenye tarehe. Chukua bug, neno la hitilafu ya mashine. Wengi husimulia kwamba lilizaliwa mwaka 1947, nondo aliponaswa ndani ya kompyuta ya Mark II pale Harvard. Nondo huyo ni wa kweli. Alibandikwa kwa utepe kwenye daftari la kazi, na daftari hilo limehifadhiwa na jumba la makumbusho la Smithsonian. Lakini ipo barua ya Thomas Edison ya mwaka 1878 inayotumia neno hilo hilo kwa kasoro za uvumbuzi wake. Mafundi wa Harvard walimbandika nondo wao kwa furaha kwa sababu neno walilizoea tayari.

Glitch lilipitia njia ya namna hiyo. Kwa muda mrefu ushahidi mashuhuri ulikuwa wa mwanaanga John Glenn, aliyelieleza katika kitabu cha mwaka 1962 kama mruko wa ghafla wa umeme. Baadaye wapekuzi wa magazeti ya zamani walilikuta mwaka 1940, likiwa lugha ya watangazaji wa redio walioteleza ulimi hewani. Mstari mmoja wa gazeti ulitosha kulirudisha neno miaka 22 nyuma, kutoka chombo cha anga hadi kwenye maikrofoni. Hakuna aliyetajirika kwa ugunduzi huo. Umefanywa na watu wanaoamini kwamba neno dogo nalo linastahili historia ya kweli, na imani hiyo ni ya heshima kubwa.

Tangu Machi 2000 toleo la tatu la kamusi ya Oxford limekuwa likitolewa kwa mafungu kwenye intaneti. Wahariri walianzia herufi M, kwa kuwa herufi za mwanzo ziliandikwa wakati Murray na wenzake walikuwa bado wanatafuta utaratibu wao, na zingehitaji marekebisho mazito zaidi. Kazi hiyo inaendelea, na msomaji yeyote mwenye ushahidi wa zamani zaidi anakaribishwa kuupeleka. Ukithibitishwa, tarehe iliyokuwapo inafutwa na kidahizo kinaandikwa upya.