Akunna, Bwana Brown na mkalimani aliyekaribia kunyamazishwa

Wasomaji wengi wa Shujaa Okonkwo, tafsiri ya Clement Ndulute ya riwaya ya Chinua Achebe ya mwaka 1958, huipita sura ya 21 mbiombio ili wafike kwenye kifo cha Okonkwo. Wanaukosa ukurasa uliosukwa kwa ustadi kuliko zote kitabuni.

Akunna, mmoja wa wakubwa wa kijiji, ameketi katika obi yake, yaani nyumba yake ya mazungumzo, na mmisionari Bwana Brown, wakijadiliana kuhusu Mungu. Kauli ya huyu inafuatwa na ya yule. Msimulizi amejitoa, haelezi nani amekasirika wala nani amezidiwa. Tumeambiwa wanaongea kupitia mkalimani, lakini anasikika mara moja tu, anapomsahihisha Akunna kwamba Waingereza wana malkia, si mfalme, ilhali katika sura ya 16 mkalimani wa wamisionari alisikika mno, hata watu wa kijiji cha Mbanta wakaicheka lahaja yake. Achebe amemnyamazisha karibu kabisa, kwa makusudi, ili dini mbili zikabiliane karibu bila mtu katikati.

Brown anaonyesha Ikenga, sanamu ya Akunna iliyoning'inia darini: kipande cha mti tu. Akunna anakubali, ni mti kweli, ila mti wenyewe uliumbwa na Chukwu, Mungu Mkuu, na miungu wadogo ni wajumbe wake. Kisha anatoa mfano: malkia wa Waingereza humtuma Mkuu wa Wilaya, naye huteua matarishi wa kumsaidia. Hoja ni kali, nami naona Akunna ameshinda. Lakini tazama alikoitoa. Anamtetea Mungu wa mababu kwa ngazi za utawala uliokuja juzi! Ukoloni umeshaingia ndani ya utetezi wenyewe.

Msimulizi, aliyekwisha kusema kabla ya mjadala kwamba hakuna aliyemwongoa mwenzake, anarudi kwa maneno machache: Brown akatambua kwamba kuishambulia dini ile waziwazi hakutafaa. Akajenga shule na hospitali ndogo. Usikivu wake, ambao naamini ulikuwa wa kweli, umezaa mbinu ya kuwapata watoto wa Umuofia, nyumbani kwa Okonkwo.

Brown anaugua, anaondoka, anakuja mmisionari mwingine, James Smith. Katika sura ya 22 mkalimani anasikika tena. Egwugwu, wavaa vinyago wanaowakilisha mizimu ya mababu, wanafika kanisani, na Smith anawafukuza kwa ukali. Mkalimani wake, Okeke, anawafikishia maneno ya upole ambayo Smith hakuyasema. Hata hivyo kanisa linateketezwa palepale.

Walimu wa fasihi, someni sura hizi mbili darasani kwa mfululizo, na mwulizeni mwanafunzi kila mara: mkalimani yuko wapi?