Zindiko la Kofia ya Chuma

Siku mpwa wangu aliponiambia, "Mjomba, leo natengeneza kofia," nilivuta kiti nikakaa karibu naye. Kwa muda mrefu sikuona kofia. Nilimwona akikimbiza vipepeo.

Alikuwa Skyrim, nchi ya theluji na majoka iliyomo katika mchezo wa Bethesda Game Studios uliotoka tarehe 11 Novemba 2011. Wengi huingia humo kupigana na majoka. Yeye huingia kama fundi. Vipepeo aliowataka ni wa buluu tu. Aliwanyatia penye maua, akawadaka mmoja mmoja. Mabawa yao akayachanganya na matunda mekundu yanayoota kwenye theluji, akapata kichupa cha dawa inayoongeza nguvu za mzindikaji kwa sekunde 30. Akakihifadhi. Kofia yenyewe ilikuwa bado jiwe mgodini.

Mgodini alifanya kazi kwa sururu. Mshipa mmoja wa madini hutoa vipande vitatu, kisha umekwisha, unatafuta mwingine. Kwenye tanuri, kipande cha chuma na kipande cha korandamu huyeyushwa pamoja vikatoka mkuo mmoja wa chuma cha pua. Ngozi ya mnyama nayo ina safari yake: huwambwa, kisha hukatwa kanda, ngozi moja kanda nne. Ndipo akasimama penye fuawe. Kofia ilipotoka aliipeleka kwenye meza ya kuboreshea deraya, akaikaza na kuiboresha, ingawa nilidhani imeshakwisha.

"Hiyo ni kofia tu, Mjomba," akasema. "Haijui kitu."

Sehemu iliyofuata ndiyo ninayoikumbuka zaidi. Katika nchi hiyo huwezi kuweka zindiko usilolijua, na zindiko halifundishwi kwa maneno. Lazima upate kitu kilichozindikwa na mwingine, ukiweke mezani, ukivunje. Yeye alikuwa na kofia kuukuu aliyoiokota pangoni, yenye kumwongezea mpiga mishale nguvu za upinde. Aliivaa muda mrefu na ilimfaa. Aliitazama kidogo, akaiweka juu ya meza yenye fuvu na mishumaa, akathibitisha ivunjwe. Ikapotea. Alichobaki nacho ni ujuzi wa namna ilivyotengenezwa. Nimewaona mafundi cherehani wakifumua shati zuri mshono kwa mshono ili wajue lilivyokatwa, na uso wao huwa uleule.

Kisha roho. Zindiko hukaa kwenye kofia kwa nguvu ya roho iliyonaswa ndani ya kito, na vito vina ukubwa wa daraja tano, achilia mbali vile vyeusi. Hapa wasio na subira huharibu kazi. Ukienda kuwinda kulungu huku mfukoni una kito kikubwa kitupu peke yake, roho ndogo ya kulungu itaingia humo na kukaa, na kito kimekwisha thamani. Kwa hiyo vito vikubwa alivifungia sandukuni nyumbani wiki nzima, akatembea na vidogo tu, akizindika majambia ya kawaida ili mkono uzoee. Majambia mengi mno. Ustadi wake ulipanda taratibu mpaka ukafika 100, na hapo ndipo kitu kimoja kinaweza kubeba mazindiko mawili.

Siku ya roho kubwa alichukua kito kimoja, akaenda uwanda ambako majitu huchunga tembo wao wenye manyoya marefu. Alijificha nyuma ya jabali. Mshale, kimya, mshale, kimya. Mtego wa roho aliuacha hadi tembo alipodhoofika, kwa sababu ukishautupa una sekunde 60 tu. Mnyama akichelewa kufa, roho huenda zake. Akautupa. Mshale mmoja zaidi. Nuru ya zambarau ikavutwa kutoka kwenye mzoga hadi kwake, naye akaachia pumzi ambayo sikujua alikuwa ameizuia.

Mezani hakukawia. Akanywa kile kichupa cha vipepeo, akachagua kofia, akachagua zindiko la upinde, akaongeza la pili, akaweka kito. Kwa fundi aliyekamilika, roho kubwa hutoa nyongeza ya asilimia 40 hata bila dawa. Kwa ile dawa ilizidi. Silaha iliyozindikwa huishiwa nguvu ikitumika, lakini kofia haiishiwi. Mchezo ukamwuliza ataiitaje. Hapo alikaa muda kuliko nilivyotegemea, akaandika, akafuta, akaandika tena.

Akaivaa, akajizungusha aione pande zote.

"Bado glavu, pete na mkufu," akasema, akashika njia ya kurudi kwenye maua.