Katsu ya Lodwar na Hesabu ya Maji

Kipande cha kwanza nilichokiopoa kwenye karai kilipendeza kwa macho. Kilikuwa na rangi ya dhahabu, chenga za mkate zimesimama juu yake kama nywele za mtoto aliyetoka kuamka. Nikakilaza kwenye sahani, nikakifunika kwa kawa ili nzi wasitue, nikaenda kupakua wali. Hazikupita dakika tano, niliporudi upande wa chini ulikuwa umelowa kama mkate uliochovywa kwenye chai. Kisu kilipopita, ganda lote likavuka, nyama ikabaki peke yake.

Kuku alikuwa ameiva, na chumvi ilikuwa sawa. Kilichoniangusha ni maji. Tangu siku ile nimekipika chakula hiki mara nyingi nyumbani Lodwar, na mara mbili Kakuma kwa shemeji yangu, mke wa kaka. Kila kilipoharibika nilikuta maji yamekaa pasipotakiwa, au yamekosekana pale yalipohitajika. Kwa hiyo nitayafuata maji, tangu kuku akiwa kibaoni hadi mchuzi unapotua kando ya wali.

Chakula chenyewe Wajapani wanakiita katsu kare: kipande bapa cha nyama kilichovikwa chenga za mkate na kukaangwa, wali, na mchuzi mzito wa bizari. Katsu ni kifupi cha katsuretsu, namna yao ya kutamka neno la Kiingereza lililotokana na côtelette ya Kifaransa. Msomaji wa Mombasa au Zanzibar hahitaji kutafsiriwa, maana neno hilohilo ndilo lililotupa katlesi, zile za viazi na nyama ya kusaga zinazochovywa kwenye yai na kutiwa mafutani. Katsu na katlesi ni ndugu walioachana njiani. Huko Tokyo, mkahawa wa Rengatei mtaani Ginza ulianza mwaka 1899 kukaanga nyama ya nguruwe katika mafuta mengi, badala ya siagi kidogo kama walivyofanya Wafaransa. Kuku akafuata njia hiyohiyo. Kari nayo haikufika Japani moja kwa moja kutoka India. Ilipitia kwa Waingereza, ikiwa tayari imesagwa na kuzoea kukolezwa kwa unga wa ngano, na mapishi yake yalichapishwa kwa Kijapani mwaka 1872. Sisi tuliipata kwa Wahindi wenyewe, ndiyo maana mchuzi wetu hukolea kwa kitunguu, nyanya na tui la nazi. Tofauti hiyo ya unga na tui ni kubwa kuliko inavyoonekana, na nitairudia.

Tuanze na kuku. Kidari cha kuku wa gredi ndicho chepesi kukifanyia kazi. Hapa Lodwar kuku wa aina hiyo mara nyingi amesafiri kutoka Kitale akiwa kwenye barafu, na barafu ikiyeyuka humwachia maji mengi mwilini. Ukimtoa kwenye mfuko na kumpaka unga papo hapo, unga huo hugeuka uji. Mimi humpasua kidari kwa ubapa kiwe vipande viwili, nikavigonga kwa mchi juu ya mfuko wa plastiki hadi unene uwe sentimita moja na nusu kila mahali, kisha nikavinyunyizia chumvi na kuviacha dakika kumi na tano. Chumvi huvuta maji juu. Maji hayo nayakausha kwa kitambaa safi, nikikandamiza pande zote mbili. Hatua hii wengi huiruka kwa sababu haionekani kwenye sahani, nami naiona ndiyo hatua muhimu kupita zote. Kuku wa kienyeji anawezekana, lakini tumia paja lililotolewa mfupa na ukate mishipa yake kwa ncha ya kisu, la sivyo kipande kitajikunja mafutani kama jani kavu.

Joto la Lodwar linataka haraka. Mchana wa nyuzi 35 si wa kuacha kuku mbichi kibaoni ukapige gumzo. Dakika hizo kumi na tano za chumvi kuku hukaa juu ya barafu au kwenye friji, na yai lililochovyewa kuku mbichi halihifadhiwi.

Baada ya hapo zinakuja sahani tatu za unga, yai na chenga, na mpangilio huo una sababu. Unga mkavu hunywa unyevu uliobaki juu ya nyama na kulipa yai mahali pa kushika, kwa sababu yai halishiki kwenye nyama iliyolowa. Yai nalo likipata joto huganda na kuwa gundi kati ya nyama na chenga. Unga uwe utando tu. Ukiweka mwingi, ule wa ndani unabaki mkavu bila kuguswa na yai, na ganda linaachana hapohapo. Mimi hukipiga kipande kofi mbili tatu baada ya kukipaka, hadi nione rangi ya nyama kupitia unga.

Kwenye chenga ndipo nilipojifunza mengi. Chenga za Kijapani, panko, hutoka kwenye mkate usio na ganda. Kiwandani donge la unga hupitishiwa umeme badala ya kuwekwa kwenye joto la tanuri, hivyo mkate huiva wote ukiwa mweupe, kisha hukwaruzwa kuwa vipande virefu vyenye matundu. Matundu hayo ndiyo siri yake. Mvuke hupata njia ya kutoka, na mafuta hushika kingo nyingi ndogo ambazo zote hukauka na kulia mdomoni. Chenga zilizosagwa laini kama unga hujipanga kama ukuta, mvuke ukanaswa ndani. Nyumbani nachukua mkate mweupe wa jana, nakata ganda la kahawia lote, kisha naukwaruza kwenye kikwaruzio cha karoti upande wa matundu makubwa. Nusu ya mkate wa gramu 400 inatosha vipande vinne na ziada.

Sasa hewa ya Lodwar inaingia jikoni. Mji huu hupata mvua isiyofika milimita 250 kwa mwaka mzima wa kawaida, na upepo wake hukausha nguo kabla hujamaliza kuanika. Niliona hiyo ni baraka, nikatandaza chenga kwenye sinia na kuziacha juani hadi jioni. Zikawa kama changarawe. Nilipozikaanga ziliungua kabla kuku hajaiva, kwa sababu chenga isiyo na unyevu wowote haina cha kuchemka. Unyevu mdogo uliomo ndani ya chenga ndio unaoizuia isiungue wakati nyama inaiva, na unapotoka kama mvuke ndio unaoliacha ganda jepesi lenye mapengo. Isitoshe, mkate wetu wa dukani una sukari, na sukari huwahi kubadilika rangi. Siku hizi naziacha kivulini nusu saa tu. Zikikauka kupita kiasi, nanyunyiza maji kwa ncha za vidole, nazichanganya na kuzifunika dakika kumi. Wapishi wa Japani wanaotumia panko kavu hufanya hivyohivyo.

Ukishakibandika kipande chenga, kikandamize kwa viganja, usikisugue. Kisha kiache dakika kumi ili yai lilowanishe chenga za chini na zishikane. Nilipokuwa naiharakisha hatua hii, nusu ya chenga zilibaki kwenye mafuta zikiungua na kuyatia uchungu.

Moto. Mimi napikia jiko la makaa lenye kauri ndani, na makaa ya mathenge, ule mti wa miiba uliotapakaa kote Turkana, huwaka kwa ukali. Karai likikaa juu ya makaa mapya mekundu, mafuta hupita kiwango upesi. Nasubiri makaa yavae jivu jeupe, kisha narekebisha kwa kile kimlango cha hewa cha chini. Mafuta yawe na kina cha sentimita mbili au tatu, na joto la nyuzi 165 hadi 170. Sina kipimajoto cha mafuta, lakini chenga yenyewe inapima. Ukidondosha moja ikazama hadi chini na kuchelewa kupanda, mafuta bado. Ikishuka hadi katikati kisha ikapanda mara moja huku ikitoa viputo, tia kuku. Ikitawanyika juu bila kuzama, punguza moto na usubiri.

Weka kipande kimoja, viwili vikizidi sana, maana kila kipande huyapoza mafuta. Kuanzia hapo sikiliza. Mwanzoni viputo ni vikubwa na kelele ni nyingi: ni maji ya chenga na ya nyama yanayotoka. Baada ya dakika tatu geuza mara moja tu. Kelele inapopungua na viputo kuwa vidogo, maji mengi ya juu yameondoka na ganda limekauka. Jumla huwa dakika sita hivi kwa unene ule. Ukiwa na shaka, kata sehemu nene zaidi: nyama iwe nyeupe yote na maji yake yawe maangavu. Mwenye kipimajoto atafute nyuzi 74 katikati.

Kosa langu la siku ya kwanza lilifanyika baada ya haya yote. Kuku aliyetoka mafutani anaendelea kutoa mvuke, na sahani bapa pamoja na kawa viliurudisha mvuke wote kwenye ganda. Dawa yake ni wavu. Mimi nautumia ule wa kuchomea nyama, nimeuegemeza juu ya vikombe viwili, kipande kikisimama kwa ubavu ili hewa ipite pande zote. Kama nzi wanasumbua, funika kwa chandarua cha chakula, kisizibe mvuke. Hapa ndipo hewa kavu ya Lodwar inaponifaa kikamilifu. Ganda lililokaa juu ya wavu kwa dakika nne linabaki gumu, na nimelipa hata robo saa likiwa bado linalia. Ndugu zangu wa Mombasa, wenye hewa inayolowanisha hata chumvi kwenye kopo, wasijaribu kuliacha muda huo.

Mchuzi niliujulia Kakuma. Kutoka Lodwar ni kilomita 120 hivi kwa barabara, na kwa mpishi safari hiyo ina maana. Kambi ya wakimbizi ya huko ilifunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya vijana wa Sudan waliokimbia vita, na tangu hapo Wasomali, Wakongo, Waethiopia, Warundi na wengine wengi wamekuja na majiko yao. Kwenye duka la Kisomali sokoni nilipata hawaji yao, mchanganyiko wa bizari ya manjano, giligilani, jira, pilipili manga, iliki, mdalasini na karafuu. Msingi wa kari ya Kijapani ni huohuo: bizari ya manjano, giligilani na jira, na uwatu ukiongezwa. Nilinunua hawaji, nikaomba na kijiko cha uwatu uliosagwa. Tende nilizinunua dukani humo humo.

Huko Japani wengi hawaanzi mchuzi huu kutoka mwanzo. Hununua kipande kigumu kama sabuni, chenye unga, mafuta na bizari vilivyokwisha kukaangwa pamoja, na kukiyeyusha kwenye supu. Kazi ya kipande hicho inafanyika kwenye sufuria. Nilichukua vijiko vitatu vya samli na vitatu vya unga wa ngano, nikakoroga kwa mwiko kwenye moto mdogo.

“Shemeji, huo unga utaungua,” shemeji akaniambia kutoka mlangoni, na alikuwa na haki, kwa kuwa nilikuwa nimeacha kukoroga ili nimenye viazi. Akauchukua mwiko. Alikoroga dakika kumi bila kusimama, hadi unga ukawa rangi ya njugu zilizokaangwa na harufu yake ikawa hiyohiyo. Hapo ndipo tukatia kijiko kimoja na nusu cha hawaji, tukakoroga dakika moja tu na kuepua, kwani bizari ikikaa zaidi kwenye mafuta ya moto huingia uchungu.

Mafuta huvika kila chembe ya unga, ndiyo maana haushikani mabonge unapokutana na maji. Supu, mililita 700 ya mifupa ya yule kuku, iliingia kidogokidogo juu ya vitunguu viwili vilivyokaangwa hadi vikawa vya kahawia, karoti moja na viazi viwili. Viazi vilipoiva tukatia rojo la unga. Ukitia mapema, unga hushika chini na viazi huchelewa kuiva. Joto likipanda, chembe za wanga zinavimba na kuyanywa maji, na kwa dakika chache tu mchuzi unabadilika kutoka supu kuwa kitu kinachong'ang'ania mwiko. Utamu wa Kijapani huletwa na tufaha na asali. Kampuni ya House ilijenga jina kwa mchanganyiko huo, na kari yake iitwayo Vermont, tangu 1963. Sisi tulisaga tende mbili na kuongeza kijiko cha asali ya Pokot. Nyanya sikutia, ingawa shemeji alizitaka. Nyanya ina maji yake na uchachu wake, na ukiitia unarudi kwenye mchuzi wetu wa kila siku, ambao ni mzuri lakini ni mwingine.

Uzito ndio uliotuchosha zaidi siku ile. Mchuzi mwepesi hukimbilia chini ya kuku na kulilowesha ganda ulilolihangaikia saa nzima. Ukiwa mzito, hukaa pale ulipouweka. Kwa hiyo wali huwekwa upande mmoja, mchuzi upande wa pili, na kuku, aliyekatwa vipande vya upana wa vidole viwili, hulazwa juu ya wali, mchuzi ukigusa ukingo wake tu.

Wali wenyewe haukututosha. Watoto wa jirani walikuwa wameingia, tukapakua hadi sufuria ya wali ikabaki kavu. Shemeji akapasha chapati za asubuhi, akachana moja, akaishika kwa vidole vitatu na kuchotea mchuzi kutoka kwenye sufuria. Haukudondoka hata tone. “Sasa umefika,” akasema, akamwita kaka aje ale kabla ganda halijapoa.