Kutoka Omo Hadi Ngamani: Mabango ya Meli za Zamani

Huenda mmekwisha kuliona bango hili ukutani mwa mkahawa au sebuleni kwa jamaa: meli kubwa imemwelekea mtazamaji, sehemu ya omo imesimama kama jabali, na chini yake ndege wadogo weupe wanaruka. Ni meli ya Kifaransa, Normandie, iliyochorwa na A. M. Cassandre mwaka 1935.

Mabango hayakuwa hivyo tangu awali. Kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, meli ilizoeleka kuchorwa kwa ubavu, dohani zake zote zikihesabika, moshi ukifuka, na majina ya bandari yakiandikwa chini. Abiria wengi wa kwenda Marekani walikuwa wahamiaji wa daraja la tatu. Walitaka kujua kama chombo ni kikubwa na imara, na kinakwenda wapi.

Sheria za Marekani za mwaka 1921 na 1924 zikawapunguza mno wahamiaji hao. Makampuni yakageukia watalii, na mtalii huuziwa ndoto. Wachoraji nao walikuwa wamekwisha kujifunza sanaa mpya ya mistari na maumbo. Katika bango la L'Atlantique la 1931, Cassandre aliifanya meli karibu kuwa mstatili mtupu, akaweka kandoni mwake tishali dogo la kuvuta meli ili tuone ukubwa. Katika Normandie alifika kileleni: hakuna kilichozidi wala kilichopungua.

Uzuri huo tunaukiri. Lakini tazameni tena: hamna mtu. Bango la kale, pamoja na ushamba wake, lilimjibu msafiri maswali yake. Hili jipya linamtaka astaajabu tu. Hapo ndipo tunapoliona kasoro.

Sisi tuna sababu ya kulisema hili. Baada ya Vita vya Pili, meli za kampuni ya British India, kama Kampala na Karanja, zilisafiri kati ya Bombay na pwani ya Afrika Mashariki. Zilikuwa na vyumba vya kifahari, na zilikuwa na abiria wasio na vyumba, waliotandika mikeka yao sitahani. Historia ya familia nyingi za pwani imepita juu ya mikeka hiyo, nayo si vitu vya kuchorwa kwenye bango la kuuza fahari.

Normandie yenyewe iliungua bandarini New York mwaka 1942, ikapinduka. Karatasi imedumu kuliko chuma. Basi kisichochorwa kitadumu vipi? Wahenga walisema, enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Wenye picha au tikiti za wazee wao wazitoe masandukuni, wazitundike kando ya Cassandre. Ukuta unazitosha zote mbili.