Mtu na Gongo Lake: Muundo wa Emoji za Ulemavu

Emoji za watu wenye ulemavu, ambazo kampuni ya Apple ilizipendekeza mwaka 2018 na shirika la Unicode likazitoa mwaka 2019, zimesifiwa sana kwa nia njema na kuchunguzwa kidogo kwa muundo. Na muundo ndio umhusuo mwanaisimu. Emoji ya mtu aliye katika kiti cha magurudumu si alama moja: ni mtu, kisha kiunganishi kisichoonekana, kisha kiti. Ndivyo lilivyo fungu la maneno "mtu mwenye ulemavu", ambamo mtu hutangulia na hali yake hufuata. Emoji ya kiziwi, kinyume chake, ni alama moja isiyogawanyika, kama lilivyo neno lenyewe.

Wako washikiliao kwamba maneno kiziwi, kipofu na kiwete humdunisha mtu kwa kumtia katika ngeli ya vitu. Hoja hiyo ni dhaifu. Kijana na kiongozi wamo katika ngeli iyo hiyo, na hakuna aliyelalamika. Upatanisho nao ni wa watu: kiziwi amefika, viziwi wamefika. Chama cha Viziwi Tanzania kimejiita kwa neno hilo hilo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 54, yataka mtu mwenye ulemavu atajwe kwa namna isiyomvunjia heshima. Haikutaja kiambishi chochote. Kinachovunja heshima ni kauli, kama vile kumwita kiziwi "bubu" ilhali Lugha ya Ishara ya Kenya, kwa katiba hiyo hiyo, ni mojawapo ya lugha rasmi za Bunge.

Kasoro ya kweli iko kwingine. Katika vilima vya Nyaramba, huko Nyamira, ambako mvua hugeuza njia kuwa utelezi, kiti cha magurudumu hakifiki mbali. Atembeaye kwa magongo hufika. Emoji ya gongo ilikuja mwaka 2021, lakini peke yake, bila mtu wa kulishika. Kwa hiyo Mgusii wa magongo atakaye kumwarifu mwenzake kwamba yu njiani kwenda sokoni hana budi atume kiti asichokuwa nacho, au gongo lisilo na mwenyewe. Mwenye fimbo nyeupe alipewa umbo la mtu tangu 2019. Wala si suala la ufundi: mtu yumo katika orodha, gongo limo, na kiunganishi kimo.