Ndimu Kwanza, Asali Mwisho

Kuku wa kuchoma aliyelowekwa kwenye maji ya ndimu na chungwa, kisha akapakwa asali, ni chakula cha vitu vichache: kuku, chumvi, tunda chachu, kitu kitamu na moto wa mkaa. Uchache huo ndio unaoanika ustadi wa mchomaji, kwa kuwa hakuna mchuzi wa kuficha kosa wala tui la kulainisha kilichokauka. Kila kimoja kina saa yake. Uchachu na chumvi hutangulia, moto hufuata, utamu huja mwisho. Mpangilio huo ukivurugwa, kuku hutoka mweusi kwa nje na mbichi mfupani. Ukifuatwa, hutoka na nyama yenye maji yake na ngozi iliyoiva rangi ya shaba, kila tonge lina ukali kidogo na utamu kidogo, na hakuna kinachomshinda mwenzake.

Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 kwa maeneo yaliyotoka Shinyanga na Mwanza, na makao yake makuu yakawekwa Bariadi, unajulikana zaidi kwa pamba na ng'ombe. Hata hivyo, katika kaya za Wasukuma wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, kuku ndiye mfugo unaochinjwa bila kikao. Ng'ombe ni akiba, ni mahari, ni ada ya shule; hauzwi wala hachinjwi bila sababu nzito. Kuku hukamatwa jioni ileile mgeni anapobisha hodi. Mjini Bariadi, na pale Lamadi inapokutana barabara ya Bariadi na ile ya Mwanza kwenda Musoma, jioni ni saa ya majiko ya mkaa. Heshima ya nyumbani na biashara ya barabarani zinakutana kwa ndege huyohuyo, juu ya wavu.

Kazi huanzia bandani. Kuku wa kienyeji hutembea kutwa akichakura, hivyo misuli ya miguu yake hufanya kazi nyingi kuliko ya kuku wa kisasa anayenona ndani ya wiki tano au sita bila kwenda mbali na chakula chake. Kadiri anavyozeeka, nyuzi zinazoshikilia misuli yake hukaza, na moto mkali wa muda mfupi hauwezi kuzilegeza. Wa kuchoma ni pora, jogoo anayeanza kuwika, au tembe ambaye hajaanza kutaga. Umri wao unatosha kuwapa ladha, na nyama bado haijakomaa. Kuku chotara wako katikati ya wa kienyeji na wa kisasa. Mtetea aliyetaga misimu mingi si wa kuwekwa wavuni akiwa mbichi. Huyo huchemshwa kwanza kwa moto mdogo, katika maji yaliyotiwa ukwaju, hadi paja lilegee, ndipo aonjeshwe makaa ili apate rangi na harufu ya moshi.

Kuku mzuri ni matunda ya mfugaji mwangalifu. Adui mkubwa wa kuku wa kienyeji ni mdondo, ugonjwa unaoweza kumaliza banda zima kwa siku chache. Chanjo ya aina ya I-2, inayostahimili joto kuliko chanjo nyingine nyingi za ugonjwa huo, hutolewa kwa tone moja jichoni na kurudiwa kila baada ya miezi 3. Tone hilo ndilo linalomfikisha pora kwenye umri wa kuchinjwa, na mchomaji anayesifiwa kwa nyama tamu anapaswa kuigawa sifa hiyo na aliyesimamia chanjo.

Baada ya kuchinjwa, kunyonyolewa kwa maji ya moto na kubabuliwa ili vinyweleo viishe, kuku hupasuliwa mgongoni kutoka mkiani hadi shingoni, kisha hukandamizwa kifuani hadi atandazike. Umbo hilo huufanya moto umfikie sawasawa, kwa sababu paja na kidari havipishani tena sana kwa kimo. Mapaja huchanjwa chale mbili au tatu hadi karibu na mfupa. Kidari huachwa kizima, maana nyama yake haina mafuta na hukauka upesi. Nyama iliyochinjwa sasa hivi hukakamaa kabla ya kulegea tena, hivyo saa chache za kumpumzisha mahali penye ubaridi ni sehemu ya mapishi. Saa hizo ndizo anazolowekwa.

Uchachu una vyanzo kadhaa, na kila kimoja kina tabia yake. Ndimu ndiyo kali zaidi, hukata shombo na kutoa harufu ya juu. Limau haliko mbali nayo. Chungwa ni la upole, na sukari yake hupunguza makali ya ndimu. Machungwa ya nchi za joto, kama yale ya Muheza mkoani Tanga, mara nyingi huiva yakiwa bado na ngozi ya kijani, kwa kuwa usiku wa huko hauna baridi ya kuyageuza rangi. Mnunuzi anayetafuta chungwa la kukamua hulipima kwa uzito mkononi, kwa sababu tunda zito ndilo lenye maji. Matunda hayo asili yake ni Asia, nayo yalifika Afrika Mashariki kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi.

Ukwaju una historia nyingine. Mkwaju ni mti wa asili wa Afrika ya joto na huvumilia ukame, hivyo Usukuma ni nchi yake. Asidi ya ukwaju ni nzito na ya taratibu, na rangi yake ya kahawia huipa ngozi ya kuku weusi mwekundu ambao ndimu haiwezi kuutoa. Mpishi wa Simiyu anayechanganya ukwaju, asali na maji kidogo ya chungwa anakutanisha tunda la bara, kazi ya nyuki na tunda lililokuja kwa jahazi. Mchanganyiko huo ni wa haki kabisa mahali hapo, na una kina ambacho ndimu peke yake haina.

Asidi hufanya kazi kwenye uso wa nyama. Hugeuza umbo la protini, na ndiyo maana nyama iliyolowekwa kwenye ndimu huanza kuwa nyeupe kabla haijaona moto. Lakini haiendi mbali. Hupenya milimita chache tu. Ikiachwa muda mrefu kupita kiasi, hufanya uso uwe laini wa kuchosha, kama unga uliolowa, huku ndani pakibaki vilevile. Chumvi ndiyo msafiri wa kweli. Huingia polepole hadi ndani na kuisaidia nyama kushika maji yake juu ya moto. Kwa sababu hiyo, kuku wa kienyeji anaweza kulala na chumvi, kitunguu saumu na tangawizi usiku kucha mahali penye ubaridi, kisha akapewa ndimu saa 3 au 4 kabla ya kuchomwa. Wa kisasa hutoshwa na saa 1 au 2 za vyote kwa pamoja.

Kuku wa kilo moja na nusu hutoshewa na maji ya ndimu 3 na chungwa 1, vijiko viwili vya chai vya chumvi, punje 6 za kitunguu saumu kilichopondwa, kipande cha tangawizi cha ukubwa wa kidole gumba, pilipili manga, na vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya alizeti, zao linalolimwa pia Simiyu. Mafuta hubeba harufu ya viungo na kuizuia ngozi isinate kwenye wavu. Chombo cha kulowekea kiwe cha udongo, kioo, plastiki safi au chuma kisichoshika kutu. Sufuria ya alumini haifai, kwani asidi huila na kuipa nyama ladha ya bati.

Moto huandaliwa wakati kuku bado amelowa. Mabua makavu ya pamba huwaka kwa kishindo na hufaa kuwashia, lakini hayana makaa ya kudumu. Kuchoma kunataka mkaa mzito wa mti mgumu. Mwali hauchomi kuku, humuunguza tu. Mchomaji husubiri hadi mwali uishe na kila kaa livae majivu meupe. Kisha makaa husogezwa upande mmoja wa jiko, ili wavu uwe na sehemu ya moto mkali na sehemu ya moto mpole. Kiganja kikiwekwa juu ya wavu kikaweza kuvumilia sekunde 4 au 5, joto linatosha. Kikitolewa kabla ya sekunde 2, bado ni mapema.

Kuku hutolewa kwenye maji yake, hukung'utwa na kufutwa, kwa kuwa ngozi iliyolowa hutokota badala ya kubanikwa. Huwekwa upande wa mifupa kwanza, kwenye moto mpole, na mapaja huelekezwa kwenye makaa. Mifupa hupokea joto na kuikinga nyama. Hapo hukaa karibu nusu saa akigeuzwa mara chache. Mafuta yakidondoka na mwali ukaruka, kuku husogezwa pembeni hadi utulie. Kumwagia maji hurusha majivu juu ya nyama. Huu ndio wakati unaohitaji uvumilivu zaidi, kwa sababu kwa nje hakuna kubwa linaloonekana. Ndani, joto linapopita nyuzi 70 za Selsiasi, zile kano ngumu za mguu huanza kuyeyuka na kuwa ute unaolainisha paja.

Ndipo zamu ya utamu inapofika. Zaidi ya asilimia 70 ya asali ni sukari, na sehemu kubwa ya sukari hiyo ni ile ya matunda, ambayo huanza kuungua kwenye joto la takribani nyuzi 110, mapema kuliko sukari ya miwa. Joto la makaa huzidi hapo mara kadhaa. Asali iliyopakwa mwanzoni huwa mkaa mchungu kabla paja halijaiva; ikipakwa dakika 8 za mwisho, huwa vazi. Vijiko viwili vya asali, ile nzito ya misitu ya Tabora au yoyote safi, huchemshwa na nusu kikombe cha maji ya chungwa, ukwaju kidogo, pilipili na ganda la chungwa lililokunwa, hadi vishike mgongo wa kijiko. Mpako ni mwembamba, na hurudiwa mara mbili au tatu. Tone la kwanza likigusa ngozi hutoa povu dogo, kisha povu hutulia na kung'aa. Ukingo wa bawa ndio hubadilika mapema, kutoka dhahabu hadi kahawia. Mchomaji huutazama ukingo huo bila kugeuka, kwa sababu kati ya kahawia na nyeusi kuna pumzi chache tu.

Kuiva hakukisiwi. Paja likichomwa kwa ncha ya kisu karibu na mfupa, maji yatoke meupe yasiyo na wekundu, na kiungo cha mguu kilegee kikitikiswa. Mwenye kipimajoto hutafuta nyuzi 74. Maji aliyolowekewa kuku mbichi hayapakwi kamwe juu ya kuku aliyeiva, isipokuwa yamechemshwa kabisa. Kisha nyama hupumzishwa kwa dakika 10 kabla ya kukatwa, ili maji yake yatulie ndani.

Ustadi huu una ndugu wengi. Senegal ina yassa, kuku wa ndimu na vitunguu vingi anayebanikwa kisha akamalizikia katika mchuzi wa vilevile alivyolowekewa. Msumbiji ina kuku wa pilipili na limau wavuni, na pwani ya Waswahili ina kuku wa kupaka, anayemalizwa kwa tui la nazi. Wote wanakubaliana kwamba uchachu hutangulia moto, na wanatofautiana katika kinachokuja mwisho. Huko bara, penye ukwaju na asali, mwisho huo ni utamu.

Mezani, kuku hukatwa vipande na kuliwa kwa mkono, pamoja na kachumbari, ndizi za kuchoma, ugali au wali. Firigisi, iliyochomwa kando kwa chumvi na ndimu tu, hupewa mgeni au mkubwa wa nyumba. Mgongo, shingo na mifupa iliyobaki huenda kwenye chungu, na asubuhi huwa supu inayokamuliwa ndimu.