Koo la Mwimbaji Siku ya Mafua

Mwimbaji fundi hujulikana siku mafua yanapomnyemelea. Koo likiwa zima, kipaji kinaweza kuficha kila upungufu wa mafunzo. Likianza kuwasha, hubaki kile alichojifunza. Nyuzi za sauti ndani ya zoloto ni ndogo mno, lakini mwimbaji akishika ile nota ya la ya kulinganishia vyombo, hukutana na kuachana mara 440 kwa sekunde. Mafua yakishuka kooni, nyuzi huvimba na kuwa nzito, sauti hukwaruza, nota za juu hukatika. Asiyefundishwa hukazana kusukuma, na hapo ndipo mshipa mdogo wa damu unapoweza kupasuka, au, akifanya hivyo mara kwa mara, nyuzi zikaota sugu. Fundi hushusha ufunguo, hupunguza nguvu, hupasha sauti kwa kufumba midomo au kuimba ndani ya mrija, ili mgandamizo wa hewa unaorudi nyuma uzisaidie nyuzi kutetemeka bila kugongana kwa nguvu. Anajua pia kwamba kikombe cha tangawizi cha Kariakoo, pamoja na faraja yake yote, hakigusi nyuzi zenyewe; kingezigusa, angepaliwa. Kinachozifikia ni mvuke, na hata huo uwe wa wastani, usiounguza.

Wapo wanaosema kipaji hakihitaji darasa, na watamtaja Bi Kidude, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, aliyevuta sigara na bado akaimba hadi uzeeni kabisa, akafariki Aprili 2013. Namheshimu kiasi kwamba siwezi kukubali hoja hiyo. Bi Kidude alimsikiliza Siti binti Saad, mwanamke ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili. Kumfuata mwimbaji wa namna hiyo kwa sikio na kumbukumbu ni darasa, tena gumu. Na koo moja la ajabu halitoshi kuwa kipimo cha makoo yote. Waliopoteza sauti mapema hatuna santuri zao.

Hoja nzito zaidi ni ya riziki: anayelipwa kwa usiku mmoja apumzike vipi? Simlaumu anayepanda jukwaani akiwa na homa. Lakini muziki wa dansi wa Dar es Salaam ulikwisha kujenga jibu ndani ya mtindo wake. Bendi ya Mlimani Park, iliyoanzishwa 1978, haikumtegemea mtu mmoja. Iliwapanga kina Muhidin Gurumo, Hassani Bitchuka na Cosmas Chidumule wakapokezana na kuitikiana, na gitaa na matarumbeta yakachukua nafasi ndefu huku makoo yakipoa. Huo ni ufundi wa kutunza sauti, ingawa wengi tunausikia kama uzuri tu. Hata machinga wa Mtaa wa Kongo, Kariakoo, ambao koo ni mtaji wao, sasa hurekodi bei mara moja na kukiachia kipaza sauti kelele za mchana kutwa. Ikiwa hao wanaweza kulipumzisha koo bila kuacha kazi, basi mwanakwaya mwenye mafua mepesi, asiye na homa, naye asikose mazoezi. Akae dirishani, mbali na wenzake, asiimbe wala kunong'ona kwa kubana koo. Afuate nota za sauti yake kwa macho, aweke alama ya penseli kila mahali pa kuvuta pumzi, na asikilize ni wapi sauti ya nne inaburuta. Akiwa mzima haisikii, kwa sababu anaimba.